Uzi: Viza ya mwenza kwenda Ujerumani, kwa tuliooana kwa desturi za Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu wa visiwani, na wengine wote mnaopita hapa.

Naandika uzi huu kwa dada na kaka zetu waliofunga ndoa na watu wanaoishi Ujerumani na sasa wanajiandaa kwenda ubalozini Dar kuomba viza ya kuungana na mwenza. Mimi ni mzaliwa wa Wete. Mume wangu asili yake Chake Chake lakini ana uraia wa Ujerumani, na viza niliomba nikapata. Tangu wakati huo nimekaa na wenzangu wengi kupanga karatasi zao na kuwatayarisha kwa mahojiano, na kuna jambo linaniuma kila nikiliona. Ndoa za kweli kabisa, zilizofungwa mbele ya walii (msimamizi wa biharusi) na mashahidi, zinatiliwa shaka kwa sababu mwenye ndoa amefika dirishani akajibu kama biharusi anayeulizwa na wakwe. Macho chini, sauti ndogo, "ndiyo", "sijui", "mzuri tu". Kwetu hiyo ni adabu ya mtoto aliyelelewa. Afisa wa Kijerumani anaona mwanamke asiyemjua mumewe.

Kwa hiyo uzi huu khasa ni wa mahojiano. Lakini karatasi haziwezi kurukwa, nianze nazo.

Siku hizi maombi ya viza ya muda mrefu yanaweza kuanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Unajaza fomu, unapakia hati, wao wanazikagua, halafu unaitwa kwa miadi kupeleka hati halisi na kutoa alama za vidole. Ubalozi upo Umoja House, pale Garden Avenue mjini Dar, si mbali na bandari ya boti. Ada kwa mtu mzima ni yuro 75 na ukikataliwa hairudi, lakini mwenza wa raia wa Ujerumani halipi. Wote wawili lazima muwe mmetimiza miaka 18. Hati za Kiswahili zinatafsiriwa kwa Kijerumani na mfasiri anayekubalika, na karatasi ya maelekezo ya ubalozi ndiyo ya kufuata, si maneno ya mtu aliyekwenda miaka mitano nyuma.

Kinachotukwamisha sisi kuliko vyote ni majina. Jina letu ni jina la mtu, la baba, la babu, basi. Hatuna jina la ukoo kama wao, na mwanamke wa Kizanzibari akiolewa habadilishi jina lake. Fomu yao inataka jina la ukoo, na pasipoti yetu inaliweka jina la babu mahali hapo. Hilo halina tabu likiwa ni moja kila mahali. Tabu ni pale cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma Khamis Juma, skuli wakaandika Fatuma Hamis, kitambulisho cha NIDA kikatoka Fatma Hamisi, na cheti cha ndoa kikaandikwa kwa haraka siku ya harusi na shekhe aliyeliandika jina kama alivyolisikia. Kwetu huyo ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua. Kwa mtu anayesoma karatasi tu, hao ni watu tofauti.

Nendeni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii katika wilaya yenu mapema, kabla ya kugusa fomu yoyote ya ubalozi. Wao ndio wenye vizazi, ndoa, talaka na kitambulisho cha Mzanzibari. Mwenye cheti cha zamani cha kuandikwa kwa mkono aulizie kipya. Kosa la jina lirekebishwe kwenye hati yenyewe kila inapowezekana. Wengi wanakimbilia afidaviti ya mahakamani inayosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Inasaidia, lakini afidaviti inaeleza kosa na kosa linabaki palepale. Na jina la mume kwenye cheti cha ndoa lifanane herufi kwa herufi na pasipoti yake. Mohammed, Mohamed na Muhammed si kitu kimoja dirishani. Mwambieni anayeozesha aandike akiwa na pasipoti mbele yake. Hata kama ni ami yenu, mwambieni.

Kisha cheti cha lugha ya Kijerumani, daraja la A1, yaani la mwanzo kabisa. Mwenza wa raia wa Ujerumani kwa kawaida lazima awe nacho. Wapo wanaosamehewa, kama wenza wa watu wenye Kadi ya Bluu ya Ulaya (kibali cha wataalamu), kwa hiyo mwambie mumeo asome kibali chake vizuri kabla hujalipa ada ya kozi. Kwa hapa Tanzania wengi hufanya mtihani Goethe-Institut, Upanga. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na unapita kwa alama 60 kati ya 100. Kuandika ni kujaza fomu na kabarua ka maneno kama 30. Kwenye kuzungumza unajitambulisha: jina, umri, unatoka wapi, unaishi wapi, lugha unazojua, kazi, unachopenda. Halafu mtahini anakwambia utaje jina lako herufi moja moja na useme namba ya simu. Hapo ndipo watu hubabaika, maana tumezoea kutaja herufi kwa Kiingereza. Fanya zoezi hilo ukiwa jikoni, ukiwa kwenye daladala, mpaka ulimi uzowee. Na ukishapata cheti usikitupe Kijerumani, kwa sababu afisa anaweza kukuuliza sentensi mbili tatu kuona kama cheti na mdomo vinakwenda pamoja.

Sasa mahojiano.

Kwanza mjue wanachokitafuta. Sheria yao ya ukaazi inazuia viza ikiwa ndoa imefungwa kwa ajili ya kuingia nchini tu, au ikiwa mmoja kalazimishwa. Basi. Hawapimi mnapendana kiasi gani, wala hawahukumu ndoa ya kupangiwa na wazee. Kupangiwa si kulazimishwa, na ukiulizwa mlijuana vipi, sema kama ilivyokuwa: shangazi yake na mama yangu ni majirani, wakaleta posa, nikamtazama, tukazungumza kwa simu miezi kadhaa, nikaridhia. Nimewaona wasichana wanatunga hadithi ya kukutana Forodhani jioni kwa kudhani Mzungu anataka mapenzi ya kwenye tamthilia. Uongo huo ndio unaowaponza, maana mume kule hakuambiwa kwamba mlikutana Forodhani.

Na kama mume ni mtoto wa ami yako, sema ni mtoto wa ami yako. Sheria ya Ujerumani haikatazi ndoa ya mabinamu.

Halafu linakuja suala la akdi, na hapa ndipo pagumu kwetu. Afisa anauliza ulikuwa wapi wakati ndoa inafungwa. Biharusi anajibu ukweli, "Nyumbani, ndani." Na mume? "Msikitini." Akanyamaza hapo. Mjifikirie nyinyi ndiyo afisa: mwanamke hakuwepo kwenye ndoa yake mwenyewe, aliyesema neno la kuozesha ni baba, picha anazoleta zina wanawake peke yao, na bwana harusi yuko kwenye picha nyingine na wanaume peke yao. Mtu ambaye hajawahi kuhudhuria harusi ya Kizanzibari lazima ajiulize.

Malizia maelezo. Mwambie kwamba kwetu akdi inafungwa baina ya walii wa mwanamke na bwana harusi mbele ya mashahidi. Mwambie kabla ya hapo uliulizwa, na nani alikuuliza, na wewe ulijibu nini. Mwambie baada ya akdi mume aliletwa nyumbani akakushika mkono, ukamuona, ukakaa naye. Mwambie wanawake na wanaume wanasherehekea mbalimbali ndiyo maana picha zimegawika. Picha moja ya nyinyi wawili siku ile, hata ukiwa umejistiri vizuri, ina uzito kuliko albamu nzima ya keki na mapambo. Wenye harusi zijazo, ipigeni picha hiyo. Aipige dada yako kwa simu, inatosha.

Mahari pia watauliza, na imeandikwa kwenye cheti. Biharusi wengi hawajui kiasi kilichoandikwa kwa sababu wazee ndio waliozungumza. Soma cheti chako. Kama nusu imetolewa na nusu inadaiwa, jua hivyo.

Maswali mengine ni ya maisha tu: mume anafanya kazi gani, anaingia saa ngapi, anaishi mtaa gani, nyumba ina vyumba vingapi, analipa kodi kiasi gani, amewahi kuoa, ana watoto, ndugu zake ni nani, mlizungumza lini mara ya mwisho, mkizungumza mnasema lugha gani, wewe ukifika huko utafanya nini. Na pengine wanafanya hivi: wewe unaitwa ubalozini Dar, mume anaitwa kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, siku moja, maswali yaleyale, kisha majibu yanawekwa pamoja. Ndiyo maana kukariri hakusaidii. Wanaokariri hukubaliana kwenye maswali kumi makubwa wakapishana kwenye dogo ambalo hakuna aliyelitayarisha.

Kinachosaidia ni kuijua siku ya mwenzako. Mume wangu alikuwa akitoka kazini ananipigia kwa video akiwa njiani. Nikaujua mlango wa chini wa nyumba yao, masanduku ya barua yaliyopangwa ukutani na lake lenye jina lake kwenye kijikaratasi, ghala la chini wanakoweka baiskeli, jiko lenye dirisha linalotazama kituo cha tramu, kile chuma cha joto chini ya dirisha anachoanikia soksi. Nilipoulizwa nyumba yake ikoje sikuhitaji kukumbuka jibu, nilieleza nilichokuwa nikikiona kila jioni. Wanaume mlioko huko, waonyesheni wake zenu. Wengine mnaona haya kwa sababu chumba ni kidogo na mliwaambia watu Pemba kwamba ni nyumba. Mke wako ndiye atakayeulizwa.

Kuhusu haya, nataka niliseme kwa heshima zote kwa mama zetu na masomo, wale makungwi waliotufunda. Kumtaja mumeo kwa jina lake kamili mbele ya mtu wa serikali, kumtazama usoni, kusema "nampenda kwa sababu ananijali mimi na wazee wangu", hakupunguzi chochote katika heshima ya mwanamke. Unatoa ushahidi wa ndoa yako, na ushahidi hutolewa kwa sauti inayosikika. Mambo ya chumbani huna haja ya kuyasema na ukiulizwa lisilofaa una haki ya kusema hilo ni la faragha. Mengine yote eleza. Wakikupa mkalimani wa Kiswahili na ukaona hajakufasiri sawa, sema papo hapo, na kabla ya kutia saini hakikisha umesomewa kilichoandikwa.

Baada ya hapo ni kungoja, mara nyingi miezi kadhaa, maana ofisi ya wageni kule inahusishwa na lazima iridhie. Ikiwa mume si raia bali ana kibali cha ukaazi, mara nyingi wataangalia pia kipato na ukubwa wa nyumba. Kwa mume raia wa Ujerumani kipato kwa kawaida si kizuizi.

Karibuni kwa maswali.

*

Karafuu_Mbichi ameandika:
Shukran dada, Allah akulipe. Mimi ni mwanamme wa Nungwi, mke wangu Mjerumani na kanizidi miaka mingi. Tulijuana nikiwa nafanya kazi hotelini. Watu wananiambia nisipoteze nauli, wakiona umri tu wanakataa.

Jibu:
Kaka yangu, tofauti ya umri peke yake si sababu ya kukataliwa. Katiba ya Ujerumani, kifungu cha 6, inalinda ndoa na familia, na haikuweka kipimo cha umri. Lakini watakuuliza zaidi, hilo lijue. Watoto wake unawajua majina na wanaishi wapi? Umewahi kuzungumza nao? Wazee wako wanamjua, kala kwenu, kalala kwenu? Alipoondoka mmekuwa mkiwasiliana vipi? Tiketi zake za kurudi Zanzibar kuja kukuona zina nguvu sana, mwambie asizitupe. Na kama wewe una mtoto na mwanamke mwingine hapa, mke wako awe anajua kabla ya afisa, na wewe ulitaje mwenyewe.

*

Bint_Micheweni ameandika:
Dada, na mwenye talaka? Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa maneno, akaandika na kikaratasi, nikakaa eda, nikaolewa na huyu aliyeko Ujerumani. Kikaratasi ninacho.

Jibu:
Pole mpenzi. Kikaratasi kilikutosha kwa dini yako na eda ulikaa, hapo huna la kujilaumu. Kwa ubalozi hakitoshi. Talaka lazima iwe imesajiliwa na uwe na cheti chake. Nenda Mahakama ya Kadhi ya wilaya yako na kikaratasi hicho pamoja na mashahidi, ueleze, wakuongoze mpaka isajiliwe kwa Wakala. Tazama pia tarehe: ndoa ya pili lazima isomeke baada ya talaka na baada ya eda. Tarehe ya siku uliyokwenda kusajili na tarehe ya siku uliyoachwa si moja, kwa hiyo hakikisha hati inaitaja ile ya kuachwa. Ikiwa cheti cha ndoa ya pili kimekuandika "bikira" wakati uliwahi kuolewa, hilo nalo lirekebishwe sasa.

*

Mpitanjia wa Mkoani ameandika:
Na sisi wake wa pili tufanyeje? Mume ana mke huko.

Jibu:
Nitakwambia ukweli ingawa najua ni mchungu. Sheria yao inasema mtu akiwa anaishi Ujerumani na mke mmoja, mke mwingine hapewi kibali cha kuungana naye. Hakuna barua ya shekhe wala ya sheha itakayobadilisha. Usikubali mume akwambie "andika kwamba sina mke mwingine". Wanaona kwenye rejista zao, na uongo huo utabaki kwenye jalada lako wewe, si lake peke yake.

*

Karafuu_Mbichi ameandika:
Kuna mtu Darajani anasema anauza tarehe ya miadi na anakupa na majibu ya mahojiano.

Jibu:
Miadi haiuzwi. Majibu nayo ni ya maisha yako, yeye atayajuaje? Usimpe pesa na khasa usimpe pasipoti.

*

Mzazi_Wete ameandika:
Mwanangu wa kike kakataliwa. Tumeambiwa tuandike barua ya kulalamika ubalozini. Ni kweli? Na nikuulize jengine la mzazi: akipata siku moja, akenda, mume akawa mbaya kwake, atarudishwa?

Jibu:
Shikamoo mzee wangu. Utaratibu wa kupinga kwa barua ubalozini ulikuwepo zamani, lakini Ujerumani imeufuta tangu tarehe 1 Julai 2025. Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin, na muda wake ni mwezi mmoja tangu kupokea uamuzi, kwa hiyo mumewe atafute wakili wa huko wiki hii hii. Ya pili ni kuomba upya, na hiyo ina maana pale tu ambapo sababu waliyoiandika imeondolewa. Isomeni barua ya kukataliwa neno kwa neno na mtu anayejua Kijerumani. Kama wameandika A1, afanye mtihani. Kama wameandika shaka ya ndoa, kurudisha karatasi zilezile ni kupoteza muda, na yuro 75 nyingine kama mume si raia wa huko.

La pili umefanya vizuri kuuliza, na wazazi wote wangeuliza. Akifika atajiandikisha kwenye manispaa, atapewa kibali cha ukaazi, na ana ruhusa ya kufanya kazi. Ukaazi wake unategemea ndoa kwa miaka mitatu ya mwanzo ya kuishi pamoja huko, kisha unakuwa wake mwenyewe. Lakini sheria imeweka nafuu: akipigwa au kuteswa, hiyo miaka mitatu inaweza kusamehewa, halazimiki kuvumilia ili asirudishwe. Ipo simu ya bure ya wanawake wanaofanyiwa ukatili, namba 116 016, saa 24, na wana wakalimani wa lugha kadhaa. Aiandike mahali pengine mbali na simu yake. Pasipoti na kadi ya ukaazi akae nazo mwenyewe, asimpe mtu kumuwekea, hata mume akiwa mwema.